Mbweha Uani, Mbwa Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Pembezoni mwa Dodoma

Ukijenga Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mkonze au kule Msalato kwenye viwanja vilivyopimwa juzijuzi, jirani yako wa kwanza huenda asiwe mtu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeingia kwenye vichaka ambamo mbweha walikuwa wakizaliana, na wao hawajaona sababu ya kuhama. Kiwanja kimoja kina nyumba, vitatu vinavyofuata vina nyasi na migunga, cha tano kina pagala ambalo mwenyewe yuko Dar es Salaam na hajalitia jicho tangu lifike kwenye lenta. Hapo mbweha amepata pa kulala, panya wa kutosha, na kila jioni harufu ya ugali wa mbwa uliobaki kwenye bakuli.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bustani, kuku kidogo na mbwa. Msimamo wangu niuseme mapema: mbweha mwenyewe hasumbui sana. Kinachosumbua ni mbwa asiyechanjwa na chakula kinacholala nje. Ukiyamaliza hayo mawili, iliyobaki ni kazi ya waya na sururu.

Halafu jihadhari na ushauri wa mtandaoni. Mwingi umeandikwa Uingereza, kuhusu mbweha wekundu wa Ulaya, ambao huku hawapo. Kule walikwishakimaliza kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu tangu mwaka 1922, ndiyo maana mtu wa London anaweza kumwekea mbweha chakula mlangoni na kumpiga picha akila. Kwetu kichaa bado kipo, kwa mbwa na kwa wanyamapori. Usiige.

Mjue kwanza aliyekuja

Kwenye nyika kavu za kati, wa kawaida ni mbweha mgongo mweusi. Ubavuni ana wekundu wa kutu, mgongoni kama ametandikwa shuka jeusi lenye mvi, masikio yamesimama na ncha ya mkia ni nyeusi. Uzito wake ni kilo 6 hadi 13, kwa hiyo mbwa wengi wa kienyeji wanamzidi. Huishi dume na jike pamoja kwa miaka, na mara nyingi watoto wakubwa wa mzao uliopita hubaki kusaidia kulea wadogo zao. Ndiyo maana ukimwona mmoja uani, usihesabu mmoja. Hula karibu kila kitu: panya, wadudu, mizoga, matunda, mayai na kuku akimpata.

Wa pili ni mbweha masikio, kilo 3 hadi 5 tu, uso una weusi kama amejipaka masizi na masikio yanaweza kufika sentimita 13. Huyu chakula chake ni mchwa na wadudu wengine. Kinywani ana meno madogo 46 hadi 50, ya kusagia wadudu, na kuku wako hamhusu. Mtu aliyewahi kubadilisha kenchi ya nyumba Dodoma kwa sababu ya mchwa angemkaribisha kwa mikono miwili. Mwache apite, ila mbwa wako asimfikie, kwa sababu naye hupata kichaa na hufa nacho.

Yupo pia mbweha miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe mkiani, lakini yeye hupenda zaidi sehemu zenye miti na unyevu.

Kama humwoni na unaona uharibifu tu, tega mchanga. Jioni chekecha mchanga mkavu, utandaze kama mita moja mraba pale unapodhani anapita, kwa kawaida kwenye tundu la uzio au pembeni ya geti, kisha usawazishe kwa ubao. Mbwa afungwe usiku huo asije akavuruga. Asubuhi uwahi kabla jua halijapanda, kwa sababu mwanga ukija kwa chini kivuli hujaza alama na unaona hadi kucha. Unyayo wa mbweha una urefu wa kama sentimita 5, ni mwembamba, kucha zinaonekana, na vidole viwili vya kati vimetangulia mbele ya vile vya pembeni. Fuata alama tatu nne: zinakwenda moja kwa moja, karibu kwenye mstari, kwa sababu mnyama wa porini hana muda wa kupoteza. Mbwa wa mtaani mwenye mguu wa saizi hiyo huacha unyayo mpana, vidole vimetawanyika, na njia yake inapinda huku na huku akinusa kila jiwe.

Unyayo wa sentimita 9 au 10, wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, ni wa fisi. Hapo acha kusoma habari za mbweha. Mwingize mbwa ndani usiku huohuo, watoto wasitumwe dukani gizani, na asubuhi taarifa ifike kwa mwenyekiti wa mtaa. Alama ya duara isiyo na kucha ni ya paka au kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoa anayefanana na paka. Vidole vitano na makucha marefu yaliyochimba mbele ya unyayo, huyo ni nyegere, na banda lako la mbao mbovu halimwezi.

Nasisitiza hili kwa sababu kuku akipotea, lawama zote humwangukia mbweha. Mbweha kwa kawaida humchukua kuku na kuondoka naye, unabaki na manyoya yaliyodondoka kuelekea kwenye uzio. Kanu hupenya tundu dogo na mara nyingi hula kichwa na kifua, mwili akauacha palepale. Nyegere huvunja au kuchimba na anaweza kuua banda zima usiku mmoja. Nguchiro huja mchana na anapenda mayai. Na ukikuta kufuli limefunguliwa vizuri na unyoya hata mmoja haupo, unajua mwenyewe huyo ni mnyama gani.

Chanjo kabla ya waya

Watu wengi wakisikia mbweha hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi. Wewe anza na daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kwa mtu au kwa mbwa, hakina tiba, na karibu kila anayefika hapo hufa. Na kati ya watu wanaokipata duniani, asilimia hadi 99 hukipata kwa mbwa. Maana yake mbweha mgonjwa akimng'ata mbwa wako usiku wa leo, hatari inahamia kwenye mate ya mnyama ambaye watoto humkumbatia wakirudi shule.

Utafiti wa miaka mingi kuzunguka Serengeti umeonyesha kwamba wanaoudumisha ugonjwa huu ni mbwa wa kufugwa, na mbweha na wanyama wengine huambukizwa kutoka kwao. Mbwa wakichanjwa vya kutosha, lengo likiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hupungua na wanyamapori nao hunusurika. Mwaka 1994 huko Serengeti, ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba. Kwa hiyo tukiwa wakweli, mbweha ana sababu zaidi ya kumwogopa mbwa wetu kuliko sisi kumwogopa yeye.

Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kinga haiji siku hiyohiyo. Hesabu wiki tatu hadi nne ndipo uanze kupumua. Chanjo ya distempa na pavo, ugonjwa wa mbwa wa kuharisha damu, huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, halafu daktari atakupangia za mbele. Muulize afisa mifugo wa kata lini kuna kampeni. Nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi chanjo hutolewa bure. Ukimwita mtu aje nyumbani, tazama alivyoibeba. Chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Akiitoa mfukoni kwenye jua la saa nane, mshukuru kwa kufika na umwombe aje siku nyingine na kiboksi cha barafu. Kadi ijazwe tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo. Siku mbwa akimuuma mtu, kadi hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Minyoo nayo usiisahau. Mbweha na mbwa hugawana minyoo kupitia kinyesi, na kinyesi hicho mara nyingi huwa kwenye tuta la mchicha. Mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, inayoua na tegu, na usimpe maini au mapafu mabichi ya mbuzi aliyechinjwa nyumbani, maana humo hukaa vifuko vya tegu mbaya anayeingia hadi kwa binadamu. Mboga za bustani zioshwe kwa maji mengi hata kama ni za kwako.

Upele ni mgeni mwingine aletwaye na mbweha. Akilala kwenye mchanga uleule anaolalia mbwa wako, utaona baada ya muda mbwa anajikuna bila kukoma, kingo za masikio na viwiko vinanyonyoka manyoya, ngozi inakuwa ngumu. Nenda kwa daktari. Kuchota sindano ya ng'ombe na kukadiria kwa jicho kumeua mbwa wengi, kwa kuwa kipimo kidogo kwa ng'ombe ni kikubwa mno kwa mbwa wa kilo kumi na tano.

Ondoa kinachomwita

Bakuli la mbwa lisibaki nje giza likiingia. Mpe chakula saa kumi na moja jioni, muda wa dakika ishirini, kilichobaki kiondolewe na bakuli lioshwe. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa hunuka mbali sana usiku wenye upepo wa Dodoma. Hili peke yake hupunguza ziara kuliko taa yoyote utakayonunua.

Taka za jikoni zisikae kwenye mfuko wa plastiki zikisubiri gari la taka. Tafuta pipa lenye mfuniko, weka jiwe juu, au chimba shimo na kila ukitupa mabaki ufukie kwa udongo. Ukichinja kuku, matumbo na damu vifukiwe kina cha nusu mita na juu uweke jiwe zito.

Kati ya Juni na Oktoba karibu hakuna mvua, na mbweha hufuata maji kama anavyofuata nyama. Angalia bomba linalovuja, beseni la kuku, sahani chini ya simtanki, mpira wa umwagiliaji uliotoboka. Maji ya mbwa yalale pale anapolala mbwa. Baadaye, mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, zima taa za nje kwa siku hizo chache. Kumbikumbi waliorundikana chini ya taa ni karamu ya kila mnyama wa nyika.

Zabibu nazieleza kwa kirefu, kwa sababu ni jambo la kwetu na wengi hawalijui. Hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mbweha hula zilizodondoka na hata vichala vya chini. Okota zilizoanguka kila jioni na uinue matawi yaliyolegea. Lakini hasara kubwa inaweza kuwa kwa mbwa. Zabibu, mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi cha kusema hiki ni salama: mmoja hula nyingi asipate kitu, mwingine huugua kwa chache. Mbwa akimfuata mbweha shambani akaanza kuokota naye, mzuie. Akitapika, akalegea na kukataa chakula ndani ya siku moja baada ya kula zabibu, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Ukisubiri mpaka aache kukojoa, umechelewa. Wenye mizabibu uani Hombolo, Mpunguzi au Makutupora wawaambie na vijana wa kazi, maana kumtupia mbwa zabibu ni mchezo wa kawaida wakati wa kuvuna.

Uzio unaoshika

Mbweha hapendi kuruka kama kuna pa kupita chini. Kwa hiyo kabla hujafikiria urefu, piga magoti. Zunguka uzio wote ukiangalia chini: kila nafasi inayozidi sentimita 10 ni mlango. Kwenye ukuta wa tofali, nafasi hizo ni matundu ya kutolea maji ya mvua. Zibe kwa nondo zilizopishana sentimita 5 ili maji yapite na mnyama asipite. Kwenye geti la bati, ni ule mwanya wa chini uliotokea baada ya maji kukomba udongo. Mwaga zege au pigilia ubao mnene.

Uzio wa minyaa unapendeza, ni wa bei nafuu na haufi kwa ukame, ila chini hubaki mashina tu na mbweha hupita katikati yake akiwa amenyoosha mkia. Utomvu wake unaunguza macho, ya mbwa na ya mtu, kwa hiyo usipogoe mbwa akiwa karibu. Ukimrukia machoni, suuza kwa maji safi mengi na umwone daktari. Michongoma iliyosokotana ni bora zaidi. Kwa vyovyote vile, upande wa ndani wa uzio hai weka wavu wa chuma wa urefu wa mita 1.5 au zaidi. Chagua wavu uliochomelewa. Ule mwembamba wa kuku huoza kwa kutu na huchanika.

Sasa sehemu ambayo mafundi huiruka. Mbweha huchimba, na ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni ngumu kiasi kwamba kufukia wavu wima nusu mita kutamaliza hela yako na subira ya kibarua. Fanya hivi: kata kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 50, kilaze chini upande wa nje, kikianzia kwenye mguu wa uzio na kuelekea mbali nao. Kwaruza udongo kwa sururu sentimita tano tu ili kikae sawa, kisha kifunge kwenye wavu wa wima kwa waya wa kufungia nondo, fundo kila baada ya shubiri. Ukiacha mwanya kwenye kiungo hiki umefanya kazi bure. Weka mawe juu, rudisha udongo, nyasi zitamea. Kinachotokea ni kwamba mnyama anayechimba huanzia palepale kwenye mguu wa uzio, makucha yakagonga chuma, akasogea kushoto, akagonga tena. Akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzie huko hana. Nyumba yenye mstari huo wa chuma chini mbweha huichoka mapema.

Banda la kuku lifanyiwe vivyo hivyo, na liwe na paa. Kitasa kiwe cha kusukuma na kufunga, usitegemee kamba. Kuku waingie kabla ya magharibi, muda ambao mbweha huanza kuitana.

Taa za sola zinazowaka mtu akipita husaidia mwanzoni, halafu mbweha huzizoea. Ukizitumia, zihamishe kila baada ya siku chache. Mafuta ya taa, pilipili na mipira chakavu inayochomwa sivishauri. Vinaua udongo wako na kuwakera majirani, mbweha anabaki.

Mbwa usiku

Kuna imani kwamba mbwa mkali akiachwa huru uani kazi imekwisha. Mbwa mmoja anaweza kumfukuza mbweha mmoja, ndiyo. Lakini wakati wa kulea, mbweha wawili wanaotetea watoto hawakimbii. Mmoja humvuta mbwa mbele, mwingine humng'ata nyuma. Hata akishinda, amerudi na majeraha ya meno ya mnyama usiyejua afya yake. Na mbwa aliyefungwa mnyororo nje ya uzio yuko katika hali mbaya kuliko wote, kwa sababu fisi akija hawezi kupigana wala kukimbia.

Mbwa alale ndani ya uzio, kwenye banda linalofungwa au kwenye kibaraza chenye mlango. Atabweka, na kubweka ndiko unakokuhitaji. Kama una mlinzi, mwelekeze kwamba akisikia kelele amulike tochi na kupiga bati, asifungue geti na kumwachia mbwa. Vijana wa ulinzi hupenda kuona mbwa akikimbiza. Mwambie bili ya daktari ni ya nani.

Mfundishe mbwa kurudi akiitwa. Chagua neno moja, "Njoo!", na nyumba nzima mlitumie hilohilo. Anza mchana uani kukiwa hakuna kitu cha kumvutia, mpe kipande cha dagaa kila anapofika. Sogea getini, kisha nje ya geti akiwa na kamba ndefu. Usimwite kamwe ili umchape. Mbwa aliyechapwa baada ya kuitika hataitika siku ya mbweha. Na umtoe nje ya geti akiwa na kamba alfajiri na jioni, saa ambazo mbweha wako njiani.

Jike akiwa kwenye joto afungiwe kabisa. Anaowavuta ni madume ya mtaani, na kwenye vurugu hizo ndiko kichaa husambaa kwa urahisi.

Ukikutana naye uso kwa uso

Simama, jitanue, paza sauti, piga makofi, mwachie njia ya kutokea. Usimkimbilie hadi kumbana pembeni ya ukuta. Kumwona mchana peke yake si dalili ya ugonjwa. Wenye watoto hutafuta chakula hata saa nne asubuhi. Dalili za kuogopa ni hizi: hakuogopi kabisa na anakuja, anang'ata vijiti au matairi, anayumba, taya limelegea na mate yanamtoka, au ametulia kama amelewa. Ingiza watu na mbwa ndani, funga mlango, piga simu.

Kukiwa na jeraha

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, kinachookoa huanza bombani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Kama maji ya bomba hayapo, mtu mmoja amimine kwa kopo, mwingine aoshe, na povu la sabuni liingie hadi ndani ya tundu la jino. Tumia sabuni yoyote, hata ya kufulia. Kisha paka ayodini au spiriti kama ipo. Usiweke chumvi, pilipili, majivu wala kahawa, na usikubali jeraha lishonwe harakaharaka.

Siku hiyohiyo nenda hospitali ukaanze sindano za kichaa. Zahanati nyingi hazina chanjo hii, kwa hiyo piga simu hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa ukiwa njiani. Ratiba ya kawaida huanza siku ya kwanza, inayohesabiwa sifuri, kisha ya 3, ya 7 na nyingine za mbele kadiri daktari atakavyoelekeza. Majeraha makubwa au ya kichwani huhitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda. Kama aliwahi kumaliza dozi zamani, atahitaji chache, ila lazima aende. Usimsubiri mbweha aonyeshe dalili. Ule muda wa kumwangalia mnyama kwa siku 10 ni wa mbwa na paka wanaojulikana. Kichaa hukaa mwilini kwa kawaida miezi miwili au mitatu kabla ya dalili, na utulivu huo ndio unaowadanganya watu kuacha sindano katikati.

Mbwa aking'atwa, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mfunge mdomo kwa kitambaa kama anahema vizuri, muoshe kwa sabuni na maji vilevile, kisha mpigie daktari wa mifugo. Aliyechanjwa kwa kawaida hudungwa tena mara moja na kuangaliwa kwa wiki kadhaa. Asiyechanjwa ni habari ngumu: daktari anaweza kuagiza atengwe kwa miezi, au auawe. Ukimkuta mbweha aliyekufa uani, usimshike kwa mikono wala usimwache mbwa amnuse. Mfunike kwa ndoo, weka jiwe, mwite afisa mifugo, kwa sababu kichwa chake kinaweza kuhitajika maabara.

Sumu, mitego na sheria

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kumuua au kumkamata mbweha bila kibali ni kosa. Akizidi kusumbua, njia ni mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, kisha afisa wanyamapori wa halmashauri, ambaye akiona inafaa ataihusisha TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Beba picha za nyayo na tarehe. Husikilizwa haraka anayekuja na ushahidi.

Nyama iliyotiwa dawa ya kuulia wadudu ni upuuzi wa hatari. Anayeila kwanza mara nyingi ni mbwa wako au wa jirani, kisha tai, kisha kuku waliodonoa matapishi. Tanzi la waya nalo halichagui shingo. Mbwa akitetemeka ghafla na kutoka povu, mkimbize kwa daktari pamoja na chupa au mfuko unaoushuku, na usimlazimishe maziwa wala mafuta, maana yanaweza kuingia mapafuni.

Wakizalia kwenye pagala

Ukisikia vilio vidogo chini ya rundo la tofali kwenye kiwanja cha jirani, usizibe tundu watoto wakiwa ndani, mama atachimba usiku kucha na atamshambulia mbwa yeyote atakayesogea. Mzuie mbwa upande huo kwa wiki kadhaa. Watoto huanza kutoka nje wakiwa na wiki tatu hivi, na baada ya miezi michache familia huacha kulitegemea pango. Ukiona halina nyayo mpya kwa siku kadhaa, tega mchanga mlangoni usiku mbili mfululizo, hakikisha, ndipo uzibe kwa mawe na udongo.

Wakati huohuo mtafute mwenye pagala. Ofisi ya mtaa kwa kawaida ina namba zake. Mwombe afyeke, aondoe rundo la tofali na kuziba madirisha kwa mabati, na kama yuko mbali mpe bei ya kibarua wa hapohapo ambaye unamwamini. Wengi hulipa wakisikia neno fisi.

Kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili, zunguka uzio kila baada ya mvua kubwa. Maji ya Dodoma hushuka kwa nguvu yakachimba korongo dogo chini ya wavu kwa saa moja, na kazi ya sururu inaanza upya hapo.